Sipiyu Kuukuu Sebuleni: Iwashwe au Iende kwa Skrepa?

Ukizunguka nyumba za Kinondoni, kuanzia Hananasif hadi Mwananyamala, utaikuta chini ya meza au nyuma ya kabati: sipiyu ya kompyuta ya mezani, nyeusi au ya kijivu, imefunikwa kitambaa. Nyingine zilitoka kwenye intaneti kafe zilizofungwa watu walipohamia kwenye simu, nyingine kwenye steshenari, nyingine zilinunuliwa kwenye minada ya maofisi, na nyingi ziliingia nchini zikiwa mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Kwa hiyo swali lililokuwa la mafundi sasa limeingia majumbani. Mashine hii tumpe mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, au tuiunganishe na televisheni iwe chombo cha familia cha muvi, muziki na picha?

Mimi nina upande wangu na sitauficha. Naamini nyingi kati ya mashine hizi bado zina kazi sebuleni, ila si kazi ile ambayo wenye nazo huifikiria kwanza. Nimezipanga hapa sauti zinazosikika kila jambo hili linapozuka mitaani kwetu. Sikuwapa wasemaji majina. Nimewaita kwa nafasi zao, na pale hesabu au ushahidi ulipohitajika nimeingilia mwenyewe.

FUNDI: Tuanze na mashine yenyewe, maana watu husema "kompyuta ya zamani" kana kwamba zote ni moja. Pentium 4 niachieni niivunje nipate vipuri. Ina kelele, inapata moto na inakula umeme. Lakini Core 2 Duo yenye ramu ya GB 4, au zile i3 na i5 za kuanzia mwaka 2010, bado ni nzima kwa kazi hii. Naitoa Windows, naweka Linux Mint toleo jepesi la Xfce, juu yake VLC na Kodi. Kodi ilianza mwaka 2002 kama programu ya kuchezea video kwenye Xbox, ikaitwa XBMC kwa miaka mingi, na jina la sasa ililipata 2014. Tangu mwanzo iliundwa ikae sebuleni: maandishi makubwa, mtu anaisoma akiwa kwenye kochi. Anayetaka mashine isifanye kazi nyingine yoyote namwekea LibreELEC. Ukiiwasha inafungukia kwenye Kodi moja kwa moja. Vyote hivyo ni bure, tena kwa halali.

Kuunganisha hakuna ugumu. Sipiyu ikiwa na tundu la HDMI, waya mmoja unapitisha picha na sauti. Ikiwa na VGA tu, picha itapita lakini sauti haitapita, kwa hiyo sauti unaivuta kwa waya mwembamba kutoka nyuma ya sipiyu hadi kwenye sabufa. Rimoti ni simu yako: unapakua programu ya Kore, unaiweka simu na sipiyu kwenye hotspoti moja, unachagua muvi ukiwa umekaa. Na hapo bando haliliwi, kwa sababu vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe.

MAMA MWENYE NYUMBA: Fundi, neno "bure" nimelisikia. Lakini anayenunua LUKU hapa ni mimi. Nina friji, pasi, feni za vyumba viwili na taa. Nimekazana miezi yote hii nisivuke uniti 75, halafu unaniletea sanduku lenye feni tatu ndani! Mwambieni mtu anionyeshe kwanza linakula kiasi gani. Tukishajua hilo ndiyo mniambie habari za muvi.

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika mjadala huu, na wapenzi wa kompyuta hulikwepa, kwa hiyo tulipigie hesabu. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292. Hizo zote ni kabla ya kodi na tozo. Sasa chukua sipiyu inayovuta wati 80, kiwango cha kawaida kwa Core 2 Duo inayocheza video. Ikiwashwa kwa saa 5 kila siku kwa siku 30, itakula uniti 12. Kwa mteja wa T1 hizo ni kama shilingi 3,500. Kwa wa D1 ambaye hajavuka, shilingi 1,200. Kiboksi kidogo cha Android cha kuchomeka kwenye televisheni, kinachovuta wati 8, kwa saa zilezile, kitakula uniti 1.2 tu.

Lakini hatari yenyewe iko kwa anayeiacha ikiwaka mchana na usiku. Wati 80 kwa saa 24 ni karibu uniti 2 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 57.6. Hapo mashine peke yake imeshakula zaidi ya robo tatu ya zile 75 za mama huyu, na friji bado haijahesabiwa. Atavuka, na atakapovuka atalipa mara tatu na nusu kwa kila uniti ya ziada. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na vijana wanaotaka kuigeuza sipiyu kuukuu kuwa seva ya nyumba inayowaka muda wote. Kwa nyumba ya mshahara mdogo Dar es Salaam, huo ni mzigo.

FUNDI: Hapo mama amenishinda, na nakubali. Iwashwe kwa kazi, izimwe kwenye swichi ya ukutani. Tena asiniamini mimi. Azime friji na kila kitu kwa saa mbili, aiache sipiyu na televisheni tu, asome uniti zilizobaki kwenye mita kabla na baada. Halafu siku nyingine afanye hivyo kwa televisheni peke yake. Tofauti ndiyo ulaji wa mashine. Akiona imezidi sana, aniletee. Mara nyingi kuna kadi ya picha iliyowekwa zamani kwa ajili ya gemu. Ikitolewa, ulaji unashuka.

KIJANA WA CHUO: Shikamoo mama, shikamoo fundi. Mimi naona tunajisumbua. Televisheni za siku hizi zina intaneti ndani. Asiye nayo ananunua kiboksi kidogo kinachokaa nyuma ya kioo, hakina feni, hakina kelele, na kinacheza hata picha za 4K. Hiyo Core 2 Duo ya fundi ukiipa muvi mpya ya HEVC inakatakata, sauti inakwenda mbele, midomo inabaki nyuma. Kwa nini tuibebe?

FUNDI: Anasema kweli, mdogo wangu huyu. Hiyo ni mitindo ya kubana video: H.264 ni ya mwaka 2003, mashine ya zamani kidogo inaimudu. HEVC ilikuja 2013, na prosesa zilizotengenezwa kabla ya hapo hazina sehemu ya kuifungua. Zinalazimika kuifanyia kazi yote kwa nguvu, zinachemka. Hata YouTube ya kawaida inatuma video kwa mtindo ambao mashine hizi hazikuumbiwa, ndiyo maana kwenye kivinjari namwekea mteja kiongezo kinachoitwa h264ify, kinaiomba YouTube ilete ile ya zamani. Baada ya hapo inakwenda vizuri kwa ubora wa 720. Anayetaka 4K sitamdanganya, asije kwangu na sipiyu.

KIJANA WA CHUO: Basi tumekubaliana, fundi.

MZEE MSTAAFU: Hatujakubaliana, mjukuu wangu. Wewe unazungumzia muvi zinazokuja. Na hizo zinazokuja unazilipia bando. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Piga hesabu ya familia inayotazama kila jioni kwa bando la simu, uone kama utafika mwisho wa wiki. Halafu kuna jambo jingine: kinachokuja kwa waya au kwa hewa si chako. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa hapa Dar es Salaam, na televisheni zetu za chogo zikawa hazioni kitu bila king'amuzi. Tukanunua ving'amuzi. Agosti 2018 TCRA ikaagiza Azam, DStv na Zuku waondoe chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba, na sebule nyingi zikapoteza taarifa ya habari waliyoizoea. Sisemi nani alikosea. Nasema kuwa picha iliyo mikononi mwa mtu mwingine anaweza kuiondoa, na wewe hutaulizwa.

KIJANA WA CHUO: Nimekuelewa babu. Lakini hiyo ni hoja ya kuwa na flashi, si ya kuwa na sipiyu.

MZEE MSTAAFU: Ngoja nifike. Mimi ni wa rika ambalo mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri vituo vyetu vya kwanza hadi 1994. Sasa vilipofika, tulifanya nini? Tulianza kurekodi maisha yetu. Kitchen party, send-off, harusi, ubatizo, maulidi, mahafali ya darasa la saba: kila shughuli ilikuwa na mpiga video, na baada ya wiki kadhaa unaletewa DVD yenye picha ya maharusi juu ya kasha. Nenda kwenye kabati la vyombo la nyumba yoyote hapa Kinondoni, uzihesabu. Mimi ninazo za watoto wangu wote. Kwenye ile ya binti yangu mkubwa, marehemu mama yao anaingia ukumbini akicheza. Sasa niambie, mjukuu wangu, DVD hiyo utaiingiza wapi? Simu yako haina tundu lake. Laptopu yako haina. Kiboksi chako hakina. Deki yangu imekufa. Kifaa pekee humu ndani chenye mlango wa kuipokea ni hiyo sipiyu mnayotaka kuipa skrepa.

Hapa ndipo ninaposimama mimi pia. Mjadala wa sipiyu dhidi ya kiboksi huendeshwa kana kwamba vyote viwili vinagombea kazi moja. Kwa muvi mpya na mpira, kiboksi au king'amuzi kitashinda, na sioni aibu kulisema. Lakini hazina ya picha ya familia za Dar es Salaam za miaka ya 2000 na ya mwanzo wa 2010 imekaa kwenye VCD na DVD, na diski za kuchomwa nyumbani hazikuundwa zidumu milele. Ule utando wa rangi unaohifadhi data hufifia, na joto, mwanga na unyevu huharakisha. Hewa yetu ya pwani ina vyote vitatu. Mikwaruzo ya watoto inamalizia kilichobaki.

Na kwa kazi hii, mashine kuukuu haina upungufu wowote. DVD hutumia MPEG-2, mtindo wa miaka ya 1990, ambao hata Core 2 Duo dhaifu huucheza bila kutoka jasho. Unaingiza diski, unanakili folda yake nzima kwenye diski kuu ya kompyuta, unaipa jina na mwaka, na VLC itaicheza kutoka hapo siku yoyote. DVD ya kawaida ina GB 4.7, kwa hiyo diski kuu ya GB 500, ambayo baadhi ya mashine za wakati ule zilikuja nayo, inabeba karibu DVD 100. Diski iliyokwaruzwa ikigoma, kwenye Linux kuna programu ya ddrescue, inayorudia kusoma sehemu mbovu mara nyingi na kuokoa kinachookoka. Kiboksi cha Android hakifanyi hivyo, wala televisheni yenye intaneti.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kwa hilo nimekubali, kwa sababu hata mimi ya kwangu sijaitazama siku nyingi. Ila nauliza: tukishanakili, bado tunaihitaji? Si tunaweka kwenye flashi, tunachomeka kwenye televisheni, basi?

FUNDI: Mama, flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Inakufa bila kuaga. Weka kwenye sipiyu, halafu nakala ya pili kwenye ekstena inayokaa kwa ndugu mwingine, nyumba nyingine. Na faili za DVD televisheni nyingi hazizisomi vizuri. Zinaruka sura, au hazitoi sauti. VLC inazisoma zote.

MUUZA MUVI: Na mimi mnisikilize. Nina kibanda cha kuweka muvi na nyimbo kwenye flashi. Wateja wangu wengi wanapeleka kwenye sipiyu kama hizo. Wanataka muvi za kutafsiriwa, kwa sababu mama mzazi wa mtu hasomi maandishi ya chini, na hajui Kikorea. Tangu enzi za vibanda umiza, akina Lufufu walituelezea muvi za nje kwa Kiswahili, na watu walilipa wakaingia. Huo ni utamaduni wetu. Mkisema mashine ni ya harusi tu, mnajidanganya. Watu watajaza muvi.

MZEE MSTAAFU: Kijana wangu, hizo muvi zina wenyewe.

MUUZA MUVI: Mzee wangu, wenyewe wako Hollywood na Seoul.

MZEE MSTAAFU: Na Sinza, na Tandale. Kwenye kibanda chako hakuna muvi za Kibongo?

Muuza muvi hakulijibu hilo, na sijamsikia mwenzake yeyote akilijibu vizuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, ambayo COSOTA iliundwa kuisimamia, inamlinda mtengenezaji wa hapa na wa nje sawasawa. Wasanii wa filamu zetu walilia na wizi wa kazi zao tangu enzi za VCD, na soko la diski lilipoanguka wengi walibaki hawana pa kuuzia. Sipendi kuona chombo ninachokitetea kikiwa ghala la jasho la watu ambao hawakulipwa. Wala hakuna ulazima. Video za familia, nyimbo ulizonunua, kaswida na mahubiri yaliyotolewa ili yasambazwe, mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka bila intaneti kupitia Kiwix: hivyo vyote ni halali, na mtoto wa kidato cha pili atavipata kwenye kioo kikubwa hata siku ambayo bando limeisha. Na anayefikiria kuwaita majirani alipishe kiingilio ajue kuwa hapo ametoka sebuleni. Ameingia kwenye eneo la Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976.

KIJANA WA CHUO: Hiyo ya mitihani sikuifikiria. Lakini Linux si itawachanganya wazee?

Hilo halinitishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, wakati ambao wengi waliamini kompyuta haiwezi kusema lugha hii. Mzee anayejua rimoti ya king'amuzi atajua Kodi.

FUNDI: Niongeze mambo ya ufundi kwa haraka, kwa sababu ndiyo yanayorudisha wateja. Fungua kava, puliza vumbi. Vumbi la mitaa yetu likichanganyika na unyevu linaganda kwenye feni kama udongo. Badilisha pasta ya prosesa. Kuna betri ndogo ya duara, CR2032, kwenye ubao mkuu. Ikifa, saa ya mashine inarudi nyuma miaka mingi, na ukifungua YouTube inakataa, inasema tovuti si salama. Watu wanadhani kompyuta imekufa, kumbe ni tarehe. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, pawa saplai ndiyo ya kwanza kuungua, kwa hiyo usichomeke bila kifaa cha kulinda umeme. Na kabla ya kuhamishia picha zako, pima afya ya diski kuu. Ikianza kugonga kwa ndani, itoe siku hiyohiyo.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na ya ofisini? Hii ya kwetu mume wangu aliinunua kwenye mnada wa ofisi, na ina mafaili ya watu.

FUNDI: Hayo yafutwe yote kabla ya kitu kingine chochote, mama. Nimeshakuta orodha za mishahara na vyeti vya watu. Kuweka Linux upya juu yake hakutoshi, naifuta diski nzima kwanza.

Na mkokoteni? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu rasmi. Sehemu iliyobaki inaishia kama inavyoishia kwetu: nyaya zinachomwa moto ili kupata shaba, na moshi wa plastiki unavutwa na vijana wanaofanya kazi hiyo bila kinga. Monita za chogo zina risasi kwenye kioo chake. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu 2021, lakini mwenye mkokoteni anayepita mtaani hajui kanuni. Anajua bei ya kilo. Kila sipiyu inayobaki kazini miaka mitano zaidi imechelewesha moto huo. Hata hivyo sitamwambia mtu abaki na Pentium 4 inayokula umeme wa chakula chake kwa jina la mazingira. Hiyo apewe fundi mwenye kuhitaji vipuri, si mkokoteni.

Hukumu yangu ni hii. Kama mashine yako ni ya kuanzia Core 2 Duo, ina mlango wa DVD unaofanya kazi, na nyumba yako iko tayari kuizima kila baada ya matumizi, ibaki sebuleni. Usiinunulie vitu vya gharama, na usitegemee ishindane na televisheni mpya. Ipe kazi ya kutunza na kuonyesha vya kwenu. Kama haina sifa hizo, itumie mara moja tu kuokoa kilichomo kwenye diski zenu, kisha iachie fundi.

Jumamosi hii, kabla mwenye mkokoteni hajapita, toa DVD zote kwenye kabati la vyombo, zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, na anza kunakili ile ya zamani kuliko zote.